Namba Arobaini na Nne

Viatu vya timu ya wasichana vilifika Jumamosi saa tatu asubuhi, ndani ya gunia, kama kila msimu. Katibu wa klabu alilimimina gunia kwenye sakafu ya stoo, akalikunja vizuri, akaondoka nalo. Vilikuwa viatu walivyovaa wanaume mwaka uliopita. Wasichana walikaa kwa duara wakachagua kwa utaratibu wao: mkubwa huanza, mgeni humaliza. Zamu ilipomfikia Sindano, mshambuliaji wa miaka kumi na mitano aliyesajiliwa Jumatano, zilikuwa zimebaki jozi mbili za namba arobaini na nne na kiatu kimoja cha kushoto. Yeye huvaa thelathini na saba.

"Mchagua jembe si mkulima," kapteni alimwambia. Kapteni alikuwa beki, mguu wake ni thelathini na sita, na alikuwa akifunga kamba za arobaini na moja.

Jina la Sindano alipewa mtaani, kwa sababu alipenya kati ya mabeki mahali ambapo hata upepo ungeomba njia. Mama yake, fundi viatu mwenye kibanda mkabala na benki, hakulipenda. Alisema sindano anazo za kutosha kazini. Hata hivyo alijaza matambara kwenye ncha za vile viatu, akavijaribu kwa mkono, akatikisa kichwa.

"Usikimbie sana."

"Mama, mimi ni mshambuliaji."

"Basi kimbia, lakini kwa akili."

Katika mechi ya kwanza, kipindi cha kwanza, viatu vilifika kabla yake au baada yake, kamwe si pamoja naye. Wakati wa mapumziko matambara yalikuwa yameloa, akayatoa akayatupa. Dakika ya hamsini na tano ukapigwa mpira mrefu, akaufukuzia, na akiwa mbioni miguu yake ikakua. Vilianza vidole, kisha visigino, hadi viatu vikajaa. Alifunga, na baada ya muda akafunga tena. Refa alimsimamisha, akakagua kamba, akaona zimefungwa sawasawa, akaruhusu mchezo uendelee.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Sindano alivua viatu, na miguu ya namba arobaini na nne ikatandazika sakafuni kana kwamba ameiazima. Kipa alisogeza mfuko wake kumpa nafasi. Nusu saa baadaye miguu ilikuwa imerudi.

Kila siku ya kuzaliwa ya binti yake, mama alichora wayo wake kwenye karatasi ya kufungia bidhaa, akaandika tarehe. Siku hiyo haikuwa ya kuzaliwa, lakini aliitoa karatasi.

"Mguu ulifika wapi?"

Sindano akamwonyesha kwa kidole. Mama akapiga mstari pale.

"Unauma?"

"Hauumi. Ila viatu vingekuwa vyangu, usingekuwa na sababu ya kukua."

Mama aliipachika penseli sikioni. Alikuwa ameumia, na anapoumia huwa anafagia, kwa hiyo alifagia kibanda kilichokuwa kimeshafagiwa.

Katikati ya msimu katibu alitoa ahadi mbele ya watu: timu ikimaliza katika nafasi mbili za juu, kila msichana atapata viatu vipya vya namba yake. Ahadi ni deni, alisema, na watu wakapiga makofi. Sindano alifunga mabao kumi na saba, na kila mechi miguu ilikua na kurudi. Wenzake miguu yao haikukua. Kapteni alipoteza kucha mbili za vidole gumba, akazihifadhi kwenye kiberiti ili amwonyeshe katibu siku ya kupimwa, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Walimaliza wa pili. Haki ya mtu apewe: katibu alikuja siku hiyohiyo, filimbi ya mwisho ikiwa ndiyo kwanza imelia, na rula ya kupimia miguu mkononi. Alianza na nyota wa timu. Akasoma, akasoma tena, akaandika arobaini na nne.

"Ngoja nusu saa, itarudi," kapteni alisema.

"Mimi naandika ninachokiona. Na nina kikao saa kumi na moja."

Hakupima wengine. Kapteni alimfungulia kiberiti. Katibu alichungulia, akamrudishia kwa heshima. Wiki iliyofuata ukabandikwa waraka kwenye mlango wa stoo: imebainika kwamba viatu vya wanaume vinatosha, wachezaji ambao miguu yao bado haijakua wanahimizwa kujituma.

Sindano aliusoma mara mbili. Aliona aibu, aibu ya mtu aliyetumiwa kama ushahidi dhidi ya ndugu zake bila kuulizwa neno. Jioni alimwambia mama kwamba hataikuza miguu tena, liwe liwalo.

"Utaizuiaje?"

"Nitaikunja vidole."

"Watakuweka benchi."

"Waniweke."

Msimu mpya ukaanza, gunia likamiminwa, na mechi ya kwanza katibu akakaa jukwaani na daftari lake. Sindano alikunja vidole. Viatu vilimchapa visigino kama malapa ya babu. Dakika ya sitini alipata nafasi peke yake na kipa, akapiga shuti. Kiatu kikaingia wavuni na mpira ukatoka nje. Watu walicheka sana. Refa alikipeleka kiatu kwa mwenyewe na kuashiria mpira upigwe kutoka golini. Wapinzani walikuwa mbele kwa bao moja. Kando ya uwanja mwalimu alimwita mshambuliaji mwingine, msichana wa miaka kumi na tisa aliyeingoja nafasi hiyo mwaka mzima, akamwambia avue koti.

Kapteni alimfuata Sindano akichechemea. Soksi yake ya kulia ilikuwa nyekundu kuanzia vidoleni.

"Ikuze, mdogo wangu."

"Dada, wataandika tena."

"Wataandika tu. Usipoikuza, wataandika viatu vinatosha, ila wewe mvivu. Basi angalau tushinde."

Sindano alitazama soksi ile, akatazama jukwaani. Katibu alikuwa akichonga penseli. Kwa mara ya kwanza uwanjani alitamani kulia, lakini timu yao ilikuwa imeshapata kona, nayo ilikuwa inapigwa. Akakunjua vidole.

Miguu ilikua haraka, kama kitu kilichozuiwa kwa muda mrefu. Alifunga kwa ile kona. Dakika tatu kabla ya mwisho alipenya kati ya mabeki wawili akafunga la pili, na yule wa miaka kumi na tisa akarudishiwa koti lake. Jukwaa zima lilisimama. Katibu naye alisimama, akapiga makofi kwa moyo mkunjufu, kisha akaketi, akafungua daftari kwenye ukurasa wa vifaa, akaandika: Viatu, vinatosha.

Chumbani, wenzake walimzunguka Sindano wakiimba. Alikaa katikati yao na miguu yake mikubwa, akingoja irudi. Kapteni alikuwa kwenye kona, akivua soksi polepole kwa sababu ilikuwa imeshikana na ngozi. Ilipotoka, aliangalia ndani yake, akamwomba kipa amsogezee kile kiberiti.