Kiuno cha Dada

Dada alikuwa fundi cherehani. Mimi nilipiga pasi kwenye chumba kile kile alichoshonea, cha sare za shule. Mafundi walikuwa na mchezo wao: mwenzao akinenepa tumbo, walimzungushia futi ya kupimia, wakasoma inchi, wakataja mwezi wa mimba. Walijivunia kwamba hawajawahi kukosea.

"Miezi mitano hii," alisema fundi mwenzake, Mama Vifungo, futi ikiwa kiunoni mwa dada. "Ulitaka kutuficha sisi, shoga?"

"Ningewaficha vipi na macho yenu hayo," dada akajibu. Alikuwa ameolewa miaka mingi bila mtoto.

Jioni mama mkwe wake alishapata habari. Yeye aliyekuwa akimwita "huyo" akaanza kumwita "mwanangu".

Nilimsindikiza kliniki. Daktari alipitisha kifaa tumboni, akakirudisha tena.

"Hakuna mtoto, mama. Ni uvimbe wenye maji kwenye ovari ya kushoto. Mara nyingi huwa mdogo, hunywea wenyewe. Huu umekuwa mno. Ukijisokota utakata damu, ovari itakufa. Tuutoe mapema. Ya kulia ni nzima, bado unaweza kuzaa."

Alimpangia siku ya upasuaji.

"Usimwambie mtu," dada aliniambia njiani. "Mume wangu akirudi safari nitamwambia mwenyewe."

"Si umemsikia daktari?"

"Nimemsikia. Na mama mkwe je, umemsikia anavyoniita?"

Siku ya upasuaji ilipita yuko kwenye cherehani, amewekewa mto kitini.

Maumivu yalimshika akikunja pindo. Alitapika, akajikunja sakafuni. Walimbeba nyumbani, mama mkwe akamlaza miguu juu ya mito ili mimba isitoke.

"Si mimba, mama," nikasema. "Ni uvimbe. Apelekwe hospitali."

"Wewe hujazaa, unajua nini?"

Nilimtazama dada aseme. Akageukia ukutani.

Kesho yake homa ilipanda, tumbo likakaza kama ubao. Ndipo akasema kwa sauti ndogo, "Nipelekeni. Hakuna mtoto." Mama mkwe alidhani anaweweseka, lakini aliita gari.

Walimpasua. Ovari ilikuwa imekuwa nyeusi, na sumu imeshaenea kwenye damu. Hakuamka.

Msibani mama mkwe alinisogelea, akaniuliza taratibu, "Na mtoto wamemweka wapi?"

Nilimwambia hakukuwa na mtoto. Akanishika mkono, akawaambia wanawake waliokuwa karibu wanipe maji, huzuni imenichanganya.