Ripoti Iliyorudishwa

Kwa miaka mingi mikataba yote ya barabara za vijijini katika ofisi ile ya Morogoro ilikaa ndani ya kompyuta moja, na kompyuta hiyo ilikuwa juu ya meza ya Mwanahawa. Injinia aliyetaka kuingiza taarifa za kazi yake ilimbidi aje mwenyewe, avute kiti na kuandika huku Mwanahawa akimsubiri pembeni. Wa Matombo walikuja na tope viatuni, wa Ngerengere na vumbi. Aliyetoka Ngerengere ni Salimu.

Salimu alikuwa mume wake. Waliachana mwaka mmoja baada ya kumzika binti yao, Shadya, aliyeugua homa ya uti wa mgongo akiwa darasa la pili. Hawakugombana. Nyumba yao ya Bigwa ilinyamaza tu, wakawa wanapishana mlangoni kama wapangaji, mpaka siku moja Salimu akasema anahamia kwenye kituo chake cha kazi, naye akamjibu, "Sawa." Talaka ikafuata kimyakimya. Tangu hapo Mwanahawa aliishi kama mtu aliyechomwa ganzi kwa daktari wa meno. Anaongea, anakula, hata anacheka wenzake wakicheka, lakini hasikii kitu.

Kila mwisho wa mwezi Salimu alikuja, akasalimia, akakaa, akaandika. Mwanahawa alisimama dirishani akitazama ukungu ukitambaa mlimani.

"Umeweka tarehe ya kukamilika?"

"Nimeweka."

"Haya."

Kisha huyo, ameondoka.

Ndipo ukaja mfumo mpya wa mtandaoni. Mtaalamu aliyetumwa kuwafundisha, Innocent, aliwagawia kila mmoja nywila yake na kuwaonyesha jinsi ya kutuma taarifa na picha za kazi kutoka popote walipo.

"Hakuna tena kufunga safari kwa sababu ya ripoti," alisema. "Ukiwa na simu na mtandao, tayari uko ofisini."

Watu wakapiga makofi, na Mwanahawa akapiga. Salimu alikaa safu ya nyuma. Mafunzo yalipokwisha alimpungia mkono kutoka mlangoni, akaenda zake.

Mwisho wa mwezi ule ripoti ya Salimu ilifika asubuhi mapema, kabla chai haijaiva. Ilikuwa ya kalvati moja la kupitisha maji chini ya barabara, nje ya Ngerengere. Kila sehemu ilikuwa imejazwa, na picha ilionekana vizuri kabisa, mawe na zege na fundi mmoja aliyeipa kamera mgongo. Kazi ya Mwanahawa ilikuwa kubonyeza "Pitisha". Alikitazama kile kiti kitupu mbele ya meza, akabonyeza "Rudisha". Mfumo ukamtaka aandike sababu. Akaandika, "Picha haionekani vizuri."

Baada ya chakula cha mchana ripoti ilirudi na picha nyingine. Akairudisha tena. Safari hii aliandika neno moja tu, "Fafanua."

Haikuchukua muda, simu ikaita.

"Nimeona umerudisha tena," alisema Salimu.

"Ndiyo."

"Nifafanue nini?"

"Sijui," alisema.

Upande wa pili ilisikika mashine ya kuchanganyia zege, kisha ikazimwa.

"Mama Shadya," Salimu alisema.

Hakuna aliyemwita hivyo tangu msiba. Majirani walilikwepa jina hilo, na Salimu mwenyewe alikuwa akimwita Afisa, kama wenzake. Mwanahawa alingoja limchome. Halikumchoma. Lakini hakukata simu.

"Nije?"

"Kwa mfumo huu huna haja ya kuja."

"Najua. Nauliza, nije?"

"Njoo Jumamosi. Nyumbani."

Alipoweka simu chini, mkuu wa kitengo, Bwana Petro, alikuwa amesimama mlangoni. Sasa hata yeye aliona kila kitu kwenye kompyuta yake.

"Mama, ripoti ya kalvati naiona inakwenda na kurudi. Injinia ana kasoro?"

"Hana. Kosa ni langu."

"Basi ipitishe. Na lisijirudie tena."

Akaipitisha.

Jumamosi Salimu alifika saa nne. Mwanahawa alikuwa amechemsha mihogo na chai, wakakaa barazani. Waliongea habari za mvua, na za mama yake Salimu na miguu yake. Halafu Salimu akauliza, "Nguo za mtoto uligawa?"

"Ziko kabatini. Sijafungua."

"Tufungue?"

Wakaingia ndani. Mlango wa kabati ulikuwa umekwama, Salimu akauvuta kwa mikono miwili. Walizitoa moja moja, wakazikunja upya kitandani. Sketi ya shule ilikuwa fupi kuliko Mwanahawa alivyokumbuka. Salimu aliishikilia muda mrefu sweta moja ya kijani.

"Hii nikae nayo," alisema.

"Kaa nayo."

Zilizobaki walizifunga kwenye kanga kwa ajili ya wajukuu wa jirani yao, Fatuma. Salimu alilia, akiwa ameketi sakafuni na mgongo kwenye kitanda. Mwanahawa aliketi karibu yake akingoja machozi yake mwenyewe. Hayakuja. Alichosikia ni magoti kumuuma na baridi ya sakafu kupenya kwenye gauni. Wakakaa vivyo hivyo mpaka adhana ya adhuhuri.

Salimu hakurudi kuishi Bigwa, wala hakuna aliyemwomba arudi. Alikuja Jumamosi nyingine, na baadaye nyingine, pale kazi ilipomruhusu.

Siku ile ya kwanza, baada ya kumsindikiza hadi barabarani, Mwanahawa alirudi barazani kuondoa vyombo. Alikula kipande cha muhogo kilichopoa, akala na kingine, mpaka sahani ikabaki tupu. Bado alisikia njaa. Akaenda jikoni kumenya mihogo mingine.