Kalori Mia na Ishirini Zisizo na Mwenyewe

Arlys Kivela aliondoa punje mbili za chakula cha mbwa kwenye mizani ya jikoni, akatazama namba, akarudisha punje moja. Gramu arobaini na saba. Mfuko wenyewe ulikuwa umepanda bei mara mbili tangu Krismasi na kupungua ujazo mara moja, lakini hilo halikuwa tatizo la leo.

Chini ya meza, Elmer, mbwa mwenye miguu mifupi na tumbo linalokaribia kufagia sakafu, alimkodolea macho kama mshtakiwa anayesubiri hukumu.

"Usiniangalie hivyo," Arlys akamwambia. "Saa nane mchana unapandishwa mizani. Ukizidi pauni ishirini na tano, umekwisha."

Ndiyo ilikuwa sheria ya jengo. Iliandikwa na kampuni yenye nyumba, ambayo ofisi zake ziko jimbo jingine na haijawahi kumwona Elmer wala kunuswa naye: mnyama asizidi pauni 25, akizidi, apewe siku saba aondoke. Mwezi wa tatu Elmer alipatikana na 27. Kurt Pelkey, msimamizi wa jengo, akajikuna kichwa, akasema atajifanya hakuona kwa wiki sita. Wiki sita zilikuwa zimeisha leo.

Arlys hakuwa mtu wa kubahatisha chakula. Miaka thelathini na moja alipika kwenye shule hapa hapa mjini Duluth, na serikali ilimtaka ahesabu kalori za kila sahani kabla mtoto hajaigusa. Mwenyewe husimulia kwamba siku moja mkaguzi alimfunga macho kwa kitambaa amtajie kalori za sinia kwa harufu tu; akazitaja zote, akaongeza na za pipi iliyokuwa mdomoni mwa mkaguzi. Amini usiamini, hesabu za Elmer alizifanya kwa kikokotoo kile kile cha shule. Alichukua uzito anaotakiwa kuwa nao kwa kilo, kumi na moja nukta moja. Akauzidisha kwa wenyewe na tena kwa wenyewe, akatafuta kipeuo cha pili, halafu kipeuo cha kile kipeuo, akazidisha kwa sabini. Mia nne ishirini na tano: hizo ndizo kalori za mbwa aliyelala tu akihema. Kwa kuwa alitaka apungue, akachukua sehemu nane za kumi. Mia tatu na arobaini kwa siku, milo miwili, kwa gramu.

Asubuhi hii alikuwa amepanda mizani ya bafuni peke yake, halafu akiwa amembeba. Alipotoa, alipata ishirini na saba na nusu. Baada ya wiki sita za njaa, Elmer alikuwa ameongezeka.

"Unene hautoki hewani," Arlys akasema. Akazigeuza hesabu, akaanzia kwenye uzito kurudi kwenye chakula. Mbwa wa ukubwa huu, anayeongezeka kwa mwendo huu, anakula takriban mia saba na hamsini kwa siku. Toa mia tatu na arobaini zake. Kalori mia nne na kumi zilikuwa zinaingia kwa mlango wa nyuma.

Saa tatu, kama kila siku, akamfungulia Elmer mlango apande ngazi. Tangu lifti ilipokufa mwezi wa pili, Elmer alizoea kupanda kutoka ghorofa ya pili hadi ya tano na kurudi, na Arlys alikuwa akimhesabia ni mazoezi. Leo akamfuata kwa soksi, penseli sikioni.

Ghorofa ya tatu, Ignacio Beltrán, mchomeleaji mstaafu, alikuwa ameinama mlangoni na kijiko cha siagi ya karanga.

"Ignacio!"

Kijiko kikaenda nyuma ya mgongo. "Kimoja tu, jirani. Mbwa anakonda, huoni?"

"Namwona sana. Kijiko kimoja, tisini na tano," akaandika.

Ghorofa ya nne, Bernadine Rook hata hakusubiri kuulizwa. "Jibini, shoga, kipande na nusu. Nifunge."

"Kipande na nusu, mia na tano. Na kukufunga nitakufunga."

Ghorofa ya tano, mzee Orville Tschida, aliyekuwa mtu wa reli, alikuwa kwenye kiti mlangoni, sinia ya chakula wanacholetewa wazee mapajani, soseji ikining'inia kwenye uma. Elmer aliipokea kwa adabu ya mtu aliyepangiwa miadi.

"Mzee wangu," Arlys akasema, "hiyo soseji si ndiyo kifungua kinywa chako?"

"Mkate upo."

"Unampa kila siku?"

"Magoti yangu hayajanishusha chini tangu lifti ife. Na walio chini hawapandi, wewe ukiwemo." Akafuta uma kwa leso. "Huyu anapanda. Mgeni hapokelewi mikono mitupu."

Penseli ya Arlys ilisimama kidogo. Halafu akaandika: tisini.

Akajumlisha pale pale ukutani. Mia mbili na tisini. "Bado mia na ishirini hazina mwenyewe. Nani mwingine?"

Orville akaapa kwa meno yake, ambayo wakati huo yalikuwa kwenye glasi chumbani.

Saa nane, Arlys alishuka na Elmer hadi ofisi ya Kurt. Ignacio na Bernadine walimfuata, wakisema ni mashahidi. Orville alikuwa kwenye simu ya Ignacio, sauti imefunguliwa hadi mwisho.

"Mmefika? Mbona hamsemi kitu? Mnanitesa!"

"Tulia mzee, ndiyo tunaingia," Ignacio akasema.

Mizani ilikuwa katikati ya chumba. Elmer hakuitazama. Alizunguka meza ya Kurt, akaketi mbele ya droo ya pili, akainua mguu mmoja wa mbele, mkia ukipangusa sakafu.

Macho yote yakahamia kwenye droo.

"Huyu mbwa," Kurt akasema, masikio yakianza kuwa mekundu, "hana mipaka."

"Ngapi kwa siku, mwanangu?"

"Ngapi nini, mama?"

Elmer akaibwekea droo, mara moja.

"Tatu," Kurt akasema. "Ndogo ndogo."

"Biskuti tatu, arobaini kila moja. Mia na ishirini!" Arlys akarusha penseli juu. "Nilijua! Hesabu haijawahi kunidanganya!" Bernadine alicheka mpaka akashika ukuta, na simuni Orville alikuwa akipiga kelele aelezwe yeye pia.

Kurt alikaa. "Kila anayeingia hapa, mama, ananifokea juu ya lifti. Nimewaandikia kampuni mara nne. Wanasema bajeti. Huyu peke yake, akitoka juu, anashuka hadi hapa kila asubuhi bila malalamiko."

"Mpime," Arlys akasema taratibu.

Ishirini na saba na nusu. Kila mtu aliiona namba. Kurt akaitazama, akamtazama mbwa, akaandika kwenye fomu: *25*.

"Miwani yangu ina matatizo," akasema.

"Na kesho mtanipa ratiba nyote, nani anamlisha saa ngapi," Arlys akasema. "Zile mia tatu na arobaini nitazigawa. Kila mlango karoti na maharage machanga, uzito nitapima mimi. Na soseji, mzee, unakula wewe. Nitapanda kuhakikisha."

"Kila siku?" ikauliza simu.

"Kila siku."

"Basi njoo na kahawa."

Arlys akavuta fomu atie sahihi. "Hii ina mahali pa lifti?"

"Haina. Ina mbwa, paka, ndege na samaki."

Chini kulikuwa na mstari mmoja, maoni ya mpangaji. Arlys akachukua kalamu ya Kurt, akaandika kwa herufi kubwa, kama menyu ya shule:

*Mnyama wa ghorofa ya pili anapanda hadi ya tano kila siku. Lifti haipandi hata moja. Ipeni siku saba.*

Kurt akaisoma mara mbili, akaiingiza fomu kwenye mashine ya faksi. Kidole chake kilikaa juu ya kitufe cha kutuma muda mrefu kidogo, kisha kikakibonyeza. Akafungua droo ya pili, akavunja biskuti katikati, akampa Elmer nusu.

"Ishirini," Arlys akasema, akiokota penseli.