Mzee Aliyeufundisha Ubao

Hivi wewe, umewahi kumwona mzee wa kanisa, miaka sabini na miwili, amevaa koti lake la Jumapili, akiingia darasani kinyumenyume? Mimi nimemwona, na ni mume wangu. Ngoja nikueleze taratibu, maana nikianzia katikati hutaelewa kwa nini ramani ya Tanzania ilitetemeka.

Mume wangu anaitwa Ambindwile. Kijana wetu Lukasi alimuoa Atupele miaka sita iliyopita, na wanakaa hapa hapa kwetu Lufingo, nyumba yao na yetu zimetenganishwa na migomba tu. Sasa, kwa mila yetu Wanyakyusa, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani wala hawasemeshani. Ndiyo heshima. Siku hizi wengi wameiacha, utawakuta wanakula meza moja na kutaniana. Baba Lukasi hakuiacha. Akitokea njiani, Atupele anaruka migombani. Na tope la huku unalijua, lipo karibu mwaka mzima. Ndoo tatu za maji zimepasuka kwa heshima hiyo. Ya tatu, ile ya bluu yenye mfuniko, ilipasuka mwezi wa tisa, na Atupele akarudi ana tope mpaka kwenye nyusi.

"Mama," akaniambia, "wewe nakupenda, na mzee namheshimu. Lakini mwezi wa kwanza tunahamia Mbeya. Lukasi ameshapata vyumba viwili Uyole."

Nikasema sawa. Mimi si mtu wa haraka. Ila moyoni nilimwona mjukuu wangu Tulia, miaka minne, anaondoka na kikombe chake chekundu. Nilipomweleza Baba Lukasi habari za kuhama, aliinuka hapo hapo. Alichukua panga akaenda kulinoa nyuma ya jiko la Atupele, ambako kuna jiwe. Kila jioni ananoa pale. Nilishamwambia, "Baba Lukasi, panga hilo lilikuwa la kukatia migomba, sasa limebaki la kumenyea viazi." Anasema, "Bado halijapata makali."

Basi. Atupele ni mwalimu wa sekondari, anafundisha dini na maadili. Mkuu wa shule yao akaomba kanisani kwetu mzee mmoja aje azungumze na kidato cha tatu juu ya heshima. Mchungaji akamchagua Baba Lukasi. Alikubali kwa sharti moja: iwe Jumatano, siku ambayo mwalimu mwenyewe angekuwa kwenye semina Tukuyu mjini.

Jumatano asubuhi Atupele akapita jikoni kwangu kuniambia semina imeahirishwa. "Leo nina mgeni darasani, mzee fulani wa kanisani. Hawajaniambia nani."

"Haya mwanangu, kazi njema," nikasema. Alipoondoka nikaenda kumfunga Baba Lukasi tai, na sikumwambia kitu. Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha hata tai ikakaa upande.

Nilimsindikiza kwa sababu ya utelezi, nimebeba chupa ya chai. Mlangoni mwa darasa mkuu wa shule alimshika mkono. "Karibu mzee, karibu sana!" Wakati huohuo sauti ikasikika ndani: "Simameni, mgeni amefika."

Baba Lukasi aliijua sauti ile. Mkono ulikuwa umeshaingia darasani, lakini mwili ukageuka. Mkuu wa shule akavuta, mzee akaingia mgongo mbele, hatua kwa hatua, kofia ameishusha mpaka puani. Kisha akazunguka kama mlango, akasimama uso kwa uso na ubao.

Atupele alikuwa kule nyuma ya darasa. Alipolitambua lile koti, alichomoa ramani ya Tanzania ukutani akajifunika nayo toka kichwani. Viatu vyake tu vilionekana, chini ya Ruvuma.

"Shikamoo babu!" wakasema watoto sitini.

"Marahaba," Baba Lukasi akauambia ubao.

Mkuu wa shule ni mtu wa Tanga. Aliutazama mgongo wa mzee, akaitazama ramani, akanigeukia mimi. "Bibi, kuna tatizo?"

"Hakuna, mwalimu. Ni heshima. Si ndiyo mada ya leo?"

Nikapewa kiti katikati, na mimi nikageuka kuwa simu. Ramani ikasema, "Mama, mwambie mzee anakaribishwa kuanza." Nikasema, "Mzee, unakaribishwa kuanza." Ubaoni likatoka jibu: "Mama Lukasi, mwambie mwalimu ndaga fijo, asante sana." Nikamwambia mwalimu ndaga fijo. Kati yao hatua kumi hazifiki, kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri kabisa!

Watoto walikuwa wameuma kola za mashati. Mmoja wa dirishani, Obed, alishindwa, akatoa mlio wa mbuzi, na darasa lote likaangua kicheko. Mimi mwenyewe nilicheka mpaka kilemba kikafunguka. Nikaona Ziwa Viktoria linatetemeka, nikajua Atupele naye anacheka humo ndani. Mabega ya Baba Lukasi yakawa yanapanda na kushuka.

Ndipo binti mmoja wa mbele, Veronika, asiyecheka ovyo, akanyoosha mkono. "Bibi, naomba umuulize babu. Kama hawa wawili wanataka kusalimiana na hawasalimiani, hapo anayeheshimiwa ni nani?"

Nikafungua mdomo nipeleke swali, lakini Baba Lukasi alikuwa ameshaanza.

"Heshima ziko mbili," akasema polepole. "Ipo ya woga na ipo ya kumjali mtu. Ya woga inakufanya umkimbie. Ya kumjali inakufanya uulize kama amefika salama. Ukitaka kuijua yako ni ipi, jiulize: yule mtu akiondoka, utapumua au utaumia?"

Obed akafunua daftari. "Jamani! Hii ipo hapa! Neno kwa neno! Ni ya Mwalimu, ya Jumatatu!"

Madaftari sitini yakafunuliwa. Ramani nayo ikashuka kidogo, macho ya Atupele yakachungulia juu ya Bukoba.

"Mama," akasema, "muulize mzee hayo ameyatoa wapi. Somo lile niliandaa Jumapili jioni, jikoni kwangu, nikijisomea kwa sauti. Sikuwa na mtu."

Jikoni kwake. Jioni. Nikalikumbuka lile panga.

"Baba Lukasi!" nikasema, na hapo sikuwa simu ya mtu. "Miaka sita unanoa panga?"

Shingo yake ikaingia ndani ya koti. "Mila imekataza kuonana na kusemeshana," akauambia ubao. "Kusikia haikukataza."

Mkuu wa shule alikaa juu ya dawati la mwanafunzi, anafuta machozi kwa tai.

"Lile somo la dhamiri lilininyima usingizi siku mbili," mzee akaendelea. "Na lile la kutunza ahadi, mwalimu alikuwa na mafua. Sikusikia mwisho wake."

Ramani ikaanguka. Atupele akabaki wazi, anacheka na kulia, mikono hajui aiweke wapi. Nikakohoa, nikaanza kazi yangu: "Mwalimu, mzee anasema kwamba..."

"Mama Lukasi, pumzika," akanikatiza. "Hili nalisema mwenyewe."

Akavua kofia. Akageuka polepole, mzima mzima, pua ina chaki, akamtazama mke wa mwanawe usoni kwa mara ya kwanza.

"Mwanangu Atupele," akasema, "msihame. Nataka mbaki. Na nataka unikaribishe humo jikoni nisikilize nikiwa nimekaa, maana kule nyuma mvua inaninyeshea."