Kaseti Iliyorudi na Mngurumo

Korane, fundi wa redio katika soko la Garissa, alikuwa na dharau ya kutosha wilaya nzima, na mwaka ule wa 1998 sehemu kubwa ya dharau hiyo ilimwangukia Deeq.

Deeq alikuwa karani wa ofisi ya mifugo, kijana mwenye shati lililonyooshwa kwa pasi na akili ambayo, kwa maoni ya Korane, haikuwahi kunyooshwa na yeyote. Binamu yake aliyeko Ulaya alimtumia kaseti za muziki usio muziki. Hamna ngoma, hamna udi, hamna mwimbaji. Ni mngurumo, mkwaruzo na mlio wa bati linalokatwa, saa nzima. Redio yake mwenyewe ilikuwa imekufa, basi kila siku baada ya swala ya adhuhuri alikuja kusikilizia dukani kwa Korane, spika za masikioni kichwani, macho ameyafumba.

Hapo ndipo vituko vilipoanza. Mikono ilimtetemeka, machozi yakamchuruzika. Siku moja aliangukia sanduku la vyuma chakavu akabaki palepale akitabasamu, kama mtoto aliyeshiba maziwa.

"Mwanzoni inauma, adeer," alimweleza Korane kwa heshima ya kijana kwa mkubwa wake. "Ukivumilia, maumivu yanaachia. Mwili unakuwa kama haupo. Jana nimemwona marehemu baba akinipungia mkono."

"Marehemu hana kazi huko aliko?" Korane akamjibu. "Mwenye akili hulilia maiti. Wewe unalilia mashine mbovu."

Mursal, mwuza miswaki wa kibanda cha jirani, alicheka hata chai ikamwagika. Msemo ule aliupenda mno, akawa anaurudia kwa kila mteja.

Lakini ulimi wa Korane ulikuwa unafunika kidonda. Miaka sita nyuma, huko Wajir, aliuza ngamia wa maziwa wa Ardo, mama yake, bila kumwuliza, akanunua vifaa vya ufundi na kuhamia Garissa. Mama hakumlaani. Alinyamaza tu, na Korane akajua kwamba kimya kile ni kibaya kuliko laana. Katikati ya 1997 akashindwa kuvumilia, akarekodi kaseti ya kuomba radhi. Kwao kaseti ndiyo iliyokuwa barua: unazungumza, unampa dereva wa lori, na mwenzako akishakusikia anarekodi jibu juu ya maneno yako, kaseti ileile inarudi.

Ya Korane ilirudi Septemba. Aliiweka kwenye mashine akasikia injini, ile ya pampu ya kisima cha kwao. Akangoja dakika mbili, tatu, injini tu. Maneno yake yote ya kujidhalilisha yamefutwa kwa mngurumo! Fundi mzima, mwenye kujigamba kwamba anausikia waya uliokatika, hakungoja dakika ya nne. Akaamua kwamba bibi kizee amemfyonya, akaitupa kaseti kwenye mtoto wa meza. Kisha zikaja zile mvua kubwa, barabara zikakatika, homa ikafuata mafuriko, na Januari Ardo akazikwa mwanawe hayupo. Tangu siku hiyo Korane alichukia kila mlio usio na maneno.

Alhamisi moja akapata wazo la kumkomesha Deeq. Kama kijana anapenda kelele, apewe za nyumbani. Deeq alipokwisha kufumba macho, Korane akaichomoa kaseti ya Ulaya polepole na kuweka ile ya Wajir, huku akimkonyeza Mursal.

Haikupita dakika tano, mikono ya Deeq ikaanza kutetemeka.

"Injini ya kisima!" Korane alipiga kofi pajani. "Msomi wetu analilia dizeli!"

Mursal alishika mbavu. Deeq hakufumbua macho, aliinua kidole tu.

"Kuna mama humu," akasema.

"Kuna wazimu humo."

"Mama mtu mzima. Anamwita Korane."

Mursal akakumbuka miswaki yake, akatoka. Korane akampokonya kijana zile spika, akavaa. Injini. Akazungusha vitufe vyote, akasafisha hedi, kile kichuma kinachosoma utepe, kwa spiriti, akasikiliza tena. Injini.

"Mwongo wee!"

"Unaitafuta sauti, adeer," Deeq akasema. "Usiitafute. Acha injini ikupige mpaka uchoke kuichukia."

Kumtii Deeq kulimwuma kuliko jino bovu, lakini alirudisha kaseti mwanzo, akaketi, akafumba macho. Mngurumo ulimkereza meno. Uliingia kifuani ukatafuta hasira yake, nayo ikapanda, ikawaka, kisha ikachoka. Duka likaondoka. Mikono yake haikuwepo tena. Alikuwa kisimani, jua la utosi, harufu ya dizeli na samadi mbichi, ngamia wakisukumana birikani. Na ndani ya mngurumo, si juu yake wala chini yake, alikuwemo mama.

"Korane, mimi hooyo wako. Redio hii ni ya watu, nimeiweka juu ya injini mbuzi wasiile. Nimekusikia. Ngamia huzaliwa wengine, wewe nimekuzaa mara moja. Niko radhi nawe, duniani na akhera. Nijibu kwa kaseti hiihii, nijue umesikia. Mimi nangoja."

Alianza kulia kwa sauti, mabega yakimtikisika, akiwa bado na spika masikioni. Mursal akachungulia mlangoni.

"Heh! Mwenye akili hulilia maiti, Korane!"

Korane hakumsikia. Kidole chake kilikuwa kimefika kwenye kitufe cha kurekodi, maana ndivyo wanavyojibu watu wa kwao. Kikasita hapo. Akirekodi sauti yake, ya mama itafutika. Akaichomoa kaseti, akachukua bisibisi na kuvunja vile vijino viwili vya nyuma, mashine yoyote isiweze tena kurekodi juu yake.

"Nimesikia, hooyo," akaiambia.

Mama alikuwa amemngoja miezi minne, mpaka akazikwa.