Sketi ya Turubai

Mngurumo ulianzia nyuma ya ukuta, ukapita kwenye matofali, ukaingia kwenye meza ya cherehani, na vifungo vilivyokuwa kwenye kisosi vikaanza kucheza. Dada mtu aliinua mguu kutoka kwenye pedali akasikiliza. Jana injini ilikohoa ikafa. Juzi ilipiga mlio kama bati linalochanwa, kisha akamsikia mdogo wake akitukana polepole, tusi moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Leo haikufa. Ilipanda, ikashika, ikatulia kwenye sauti moja nene, na juu ya sauti hiyo mtu akapiga kelele:

"Dada! Acha hizo sare za watu, njoo uone!"

Alitoka na kipimo cha tepu shingoni. Uani, mbele ya kibanda cha mabati ambacho mdogo wake alikuwa akitengenezea pikipiki, vumbi lilikuwa limetanda kama kuna ng'ombe waliopita. Katikati ya vumbi kile kitu kilikuwa kimeinuka. Kiganja kimoja tu kutoka ardhini, si zaidi, lakini kilikuwa hakigusi chochote.

"Kisukume," Mota, yule mdogo wake, alimwambia kutoka juu yake. "Kwa kidole. Kidole kimoja, Dada."

Akakisukuma. Mbao, povu gumu la kufungashia, injini mbili na mtu mzima aliyeketi juu yake viliteleza mpaka ukutani kama sahani kwenye meza yenye maji. Dada akarudisha kidole haraka, kana kwamba kimeungua.

Mota alizima injini, akaruka chini, akamkumbatia kwa mikono yenye grisi. Jina la Mota alipewa na wateja wake, na alilivaa kama cheo. Kichwa chake kilikuwa kigumu tangu utotoni. Ukimwambia jambo haliwezekani, umemtuma akalifanye.

Mchomeleaji wa jirani, aliyeunga fremu na wavu wa kuzuia mapanga ya feni, alikuwa ameegemea mlango akitafuna kijiti. "Kitanda cha watu wawili chenye feni mbili," alisema. "Ukishindwa nacho, bwana, kodishia maharusi."

"Cheka. Ulisema hata haitazunguka."

"Nilisema itazunguka ikukate kichwa. Bado nasubiri."

Walicheka wote watatu, kisha kicheko kikakatika, maana kila mmoja alikumbuka kwa wakati mmoja kitu kile kilijengwa kwa ajili ya nini.

Kilijengwa kumfuata Kitinda.

Kitinda alikuwa mdogo wao wa mwisho kuzaliwa, na kazi yake ilikuwa kukagua mabomba mgodini. Mawe yakishasagwa na kuoshwa, tope lake lilisukumwa na mabomba hayo mpaka kwenye bwawa kubwa lililozungushiwa kingo za udongo. Jua lililikausha juu likawa gamba la kijivu lenye nyufa, linalomdanganya mtu kwamba ni ardhi. Chini ya gamba kulikuwa na uji. Bomba moja liliziba, msimamizi akaamuru likazibuliwe, Kitinda akapita juu ya gamba. Akafika mbali. Kisha gamba likamwachia.

Alizama mpaka kifuani, akakaa hivyo akiita, na wenzake wakirusha kamba zisizomfikia. Jioni aliacha kuita. Sasa ukisimama ukingoni ulimwona kwa mbali: doa la njano, koti lake la kazi, mabega na kipande cha mgongo.

Wakubwa wa mgodi walitandika mbao, mbao zikamezwa. Walileta mashua, ikakwama karibu na ukingo, kwa kuwa lile si maji. Mwishowe alikuja mtu mwenye tai akamwambia Mama kwa sauti ya taratibu kwamba kampuni inasikitika, haiwezi kuhatarisha maisha ya mwingine, na mwisho wa mwezi bwawa litafukiwa kwa kifusi. Juu yake litawekwa jiwe lenye jina la marehemu.

"Jiwe!" Mota alisema siku ile, na mate yakamtoka. "Wamfukie ndugu yangu kama shimo la choo, halafu watupe jiwe?"

Mama kila asubuhi alikwenda ukingoni na mwavuli wake. Kunguru walikuwa wepesi, gamba liliwabeba, na walitua pale penye njano. Mama aliwapigia kelele mpaka jioni. Sauti yake ilikuwa imekauka, akawa anaongea kama mtu anayesugua sufuria.

Basi Mota alikumbuka kitu alichowahi kuona kwenye simu ya mteja: chombo kinachopita juu ya maji na juu ya matope, kimekalia hewa. Hakuwa na michoro. Alikuwa na injini ya jenereta, injini ya pikipiki, feni mbili za rejeta za malori, povu jeupe linalofungashiwa majokofu, mbao nyembamba, na hasira. Injini ndogo ingepuliza hewa chini, kubwa ingesukuma kutoka nyuma. Na ili hewa isikimbie ovyo, chombo kilihitaji sketi: mfuko mrefu wa turubai unaozunguka kingo zote, uliojaa hewa kama tyubu ya tairi.

Sketi ilikuwa kazi ya Dada.

"Gundi tu," Mota alimwambia akimkabidhi makopo ya gundi ya viraka. "Paka pande zote mbili, iache ikauke kidogo, ndipo ugandishe. Usilitoboe turubai. Umenisikia?"

Alimsikia. Akapaka, akasubiri, akagandisha. Kisha akakaa akilitazama lile ungio, na moyo ukakataa. Sare za shule alizoshona zilichakaa kitambaa kabla ya kuachia mshono. Wazazi walimfuata kwa hilo. Gundi kwake ilikuwa kazi ya wavivu, kitu cha kuahidi leo na kubanduka kesho. Na huyu aliyekuwa akienda kukalia gundi hiyo ndiye ndugu pekee aliyebaki. Akavuta turubai chini ya sindano nene, akapiga mshono mdogo mdogo wa karibu karibu, akarudia wa pili kando yake. Kisha akafunika juu kwa ukanda wa turubai, akaugandisha, na hakuna jicho ambalo lingejua.

Sasa uani, kitu kikiwa kimeinuka na kushuka salama, macho yake yalikwenda kwenye ule ukanda. Umeshika. Akafungua mdomo aseme. Mota alikuwa akipangusa feni kwa shati lake mwenyewe, anapiga mluzi, mara ya kwanza tangu msiba. Dada akafunga mdomo. Maneno ya nini, kama mshono umeshika?

Walikipeleka bwawani kwa mkokoteni, pamoja na mchomeleaji, asubuhi, kabla upepo haujaamka. Mlinzi wa geti alimjua Kitinda. Walikuwa wakila pamoja. Alikitazama kile chombo juu mpaka chini.

"Mimi nakwenda kunywa chai," alisema. "Chai yangu huwa ya moto sana, naipuliza muda mrefu. Nikirudi sijaona kitu."

Wenzake Kitinda wa zamu ya mabomba walikuwa tayari ukingoni, wameshika kamba ndefu. Wakaifunga nyuma ya chombo. Mama alifunga mwavuli wake. Alimshika Mota kidevu, akamgeuza uso kama anavyomkagua mtoto kabla ya kwenda shule.

"Ukiona haiwezekani, rudi."

"Itawezekana, Mama."

"Sikukuuliza. Nimesema rudi."

Injini zikashika. Vumbi la kijivu likaruka, wote wakafunika nyuso, na walipofunua Mota alikuwa ameshaondoka. Alikuwa akiteleza juu ya gamba lililomeza mbao, lililommeza mdogo wake, na halikumgusa. Mmoja wa wale vijana alianza kupiga kelele za shangwe, akakumbuka mahali alipo, akajiziba mdomo. Kamba ilikuwa ikitoka mikononi mwao laini, bila kukaza. Kunguru waliruka. Dada alijikuta analia kwa fahari, na hakujificha.

Mota alilizunguka lile doa la njano, akapunguza mwendo, akasimama kando yake. Injini ya kusukuma ikanyamaza. Ile ya kuinua ikabaki ikinguruma. Walimwona akipiga magoti. Walimwona akiinamia ubavuni, akinyoosha mikono, akirudi nyuma na kujifuta uso kwa kiwiko. Harufu, wakaelewa wote, na hakuna aliyemtazama Mama.

Akainama tena. Sasa alikuwa amelala kwa kifua, nusu ya mwili wake nje ya chombo, anajaribu kupitisha kamba fupi, iliyofungwa kwenye chombo, chini ya makwapa ya ndugu yake. Uzito wote ulikuwa upande mmoja.

Dada aliiona kabla haijasikika. Ubavu ule wa sketi ulituna, ukawa mgumu kama shavu la mtu anayepuliza moto. Ukanda uliofunika ungio ukabanduka na kupepea. Kisha turubai likafunguka, halikuchanika ovyo. Lilifunguka kwa mstari ulionyooka, kutoka kona mpaka kona, jinsi karatasi inavyokatika mahali ilipotobolewa vitundu. Kila tundu la sindano liliita tundu la jirani yake.

Chombo kikaanguka ubavu. Feni ikafyonza tope, ikapiga kelele, ikafa. Gamba likapasuka pande zote na uji ukapanda.

"Vuteni!" mchomeleaji alinguruma. "Vuteni, jamani, anazama!"

"Subirini!" Sauti ya Mota ilikuja nyembamba. "Bado! Sijamfunga!"

Povu lilikuwa limekishika chombo kisizame chote, lakini upande mmoja ulikuwa umeshakwenda chini, na tope lilikuwa linampanda Mota mapajani. Walimwona akihangaika na kamba fupi. Hakuweza kuipitisha chini ya makwapa. Tope lilikuwa limemshika Kitinda kama saruji. Basi akaifunga kwenye koti, mgongoni, pale penye njano.

"Haya! Vuteni!"

Wakavuta. Dada alikuwa wa mbele, kamba ikimla viganja. Chombo kilisogea, kikakwama, kikasogea. Ile njano ikainuka. Ikarefuka. Mama alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Ikarefuka zaidi ya urefu wa mtu yeyote, kisha ikaja nyepesi, mara moja, ikirukaruka juu ya tope nyuma ya chombo. Koti. Koti tupu, mikono imegeuka ndani nje.

Pale alipokuwa Kitinda, uji ulijikusanya taratibu, ukatoa mapovu, ukawa sawasawa.

Mota aligeuka. Waliona anachotaka kufanya kabla hajainua goti, na Dada alipiga ukelele uliomtoka tumboni: "Mota! Ukiruka na mimi naruka! Mbele ya Mama, naruka!"

Akabaki. Wakamvuta mpaka ukingoni, wa kijivu mwili mzima, macho tu ndiyo yenye rangi.

Hakumtazama mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye sketi, akaipangusa kwa kiganja, akapitisha kidole kwenye vile vitundu vilivyopangana.

"Ulishona."

"Nilishona."

"Nilikwambia gundi."

"Niliiogopa gundi. Niliogopa utadondoka."

Kila mtu alingoja ampige, au atukane. Mota alikuwa na ulimi mkali kuliko wote katika familia. Lakini alivuta pumzi tu, na alipoongea ilikuwa kwa sauti ya chini, ya haraka, kama mtu anayejadiliana na daktari.

"Basi imeshapita. Najua alipo. Nimepapima kwa macho, nguzo ya bomba na ule mti mkavu, pamekaa kwenye mstari. Injini nitaziosha. Turubai lipo. Mwezi haujaisha. Gundi tu safari hii, Dada, na nitatengeneza upondo wenye kulabu. Utanishonea... utanigandishia. Eti?"

"Ndiyo," Dada alisema, au alidhani amesema. Mikono yake ilikuwa tayari inakata turubai kichwani. Angeweza. Sasa alijua kosa liko wapi, na fundi akishajua kosa liko wapi hawezi kulala.

Mama alikuwa amelikalisha koti magotini. Hakulikumbatia. Alikuwa anaigeuza mikono yake, mmoja baada ya mwingine, ikae upande wake, na tope lilimchafua kanga yote. Alipomaliza aliinua uso.

"Binti yangu, njoo."

Dada akachuchumaa mbele yake.

"Huyu nimemzaa, namjua," Mama alisema kwa ile sauti yake iliyosuguliwa. "Nikimwapisha ataapa, na kesho atakuwa humu ndani. Yeye siwezi kumzuia. Lakini bila sketi hawezi kwenda popote. Si ndivyo?"

"Ndivyo, Mama."

"Na sketi ni mkono wako."

"Mama, usifanye hivyo," Mota alisema. "Mama, watamfukia! Watamwaga kifusi juu yake!"

"Nasikia."

"Kwa hiyo tumwache?"

"Nimekaa hapa nikifukuza ndege juu ya mwanangu," Mama alisema. "Leo nimewaona ninyi wawili mkitaka kumfuata kwa mkupuo mmoja. Mimi nitafukuza ndege juu ya wangapi?" Akamshika Dada kifundo cha mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi. "Sema. Kwa sauti. Asikie."

Mota alipiga magoti kwenye udongo. Mtu ambaye hakuwahi kumwomba mtu kitu, hata chumvi. "Dada yangu. Nakuomba. Nyamaza tu. Usiseme lolote, nyamaza."

Vijana wa zamu walikuwa wamegeukia upande mwingine. Nyuma yao bwawa lilikuwa limetulia, kijivu mpaka mwisho, bila doa lolote. Kunguru mmoja alirudi, akazunguka, hakuona pa kutua.

Dada alimtazama mdogo wake mpaka akahakikisha anamwona.

"Naahidi, Mama," alisema. "Sitamtengenezea sketi nyingine. Si kwa sindano, si kwa gundi."