Jina la Juu ya Mlango

...na wembe uko shingoni sasa, kwa hiyo hakuna wa kunidai jibu, sheria ni yake mwenyewe baba, wembe ukifika shingoni wote kimya, anayenyoa, anayenyolewa, hata nzi, alinifundisha hivyo kabla sijaota ndevu na leo imenifaa kuliko siku zote, maana fundi rangi yuko pale nje juu ya ngazi, brashi imelowa, na ameshauliza kwa sauti ya kufika mwezini, "Bosi, niandike jina gani?", na baba kwenye kiti, povu mpaka masikioni, amefungua jicho moja... jina gani vipi, jicho linauliza, si lilelile... maana nilimwambia linapakwa upya tu, baba, wewe njoo nikunyoe, akaja kwa mlango wa nyuma kutoka chumbani kwake, kule mbele hajapaona, akakaa, akaniachia shingo yote, ngozi imekuwa nyembamba kama karatasi ya sabuni, na mimi nanyoa unywele mmoja mmoja, kwa mwendo huu kidevu watakuja kukimalizia vitukuu... nimechoka, miguu hii imesimama nyuma ya kiti hiki mpaka sakafu imeanza kunionea huruma, nimenyoa vichwa vingi kuliko nyota, shule niliiacha mimi, haikuniacha yenyewe, na bado wateja wanavuka barabara kwenda kwa yule wa taa za rangi, mwenye kiti kinachopanda na kushuka, ana jina la kigeni mlangoni ambalo hata yeye akilitamka ulimi unaomba likizo, lakini wanajazana, kwangu kumbikumbi tu ndio hawajaacha kuja... kwa hiyo ni jina, nikasema, kinachotuua hapa ni jina, na jina lenyewe liko kwenye redio pale rafuni kila siku, "Ni mimi, Jabali Tufani, msemaji wa shirika la umeme"... Jabali Tufani, jamani, hilo ni jina au ni kikosi cha jeshi, mtu wa jina hilo alitakiwa abomoe milango kwa kifua, apige mluzi mvua isimame, na kumbe kazi yake ni kutuambia mtaa gani utakaa giza, na akishasema hatuna hasira, barafu inayeyuka kwenye friji sisi tunasema lakini jamaa ana jina, yule muuza nyama jirani, nyama imemwozea nusu ng'ombe, akaapa, "Leo nampigia namtukana mpaka nguzo za umeme zilie", akapiga, simu ikapokelewa, "Jabali Tufani hapa", muuza nyama akasimama wima, "Samahani mkubwa, nilitaka tu kukusalimia"... sasa jina linalofanya hivyo kwenye simu, likikaa juu ya mlango wa kinyozi itakuwaje, hata wenye vipara wataingia wakaombe kujaribu bahati, mimi langu likiitwa kwenye foleni wanasimama watu wanne, nani anavuka barabara kwa jina kama hilo... nikamwambia fundi rangi pazibe hapo, akapitisha nyeupe, Kinyozi Taratibu ikazama kama chumvi kwenye maji, nikaona kama nimemfunika mtu shuka usoni... Taratibu ni yeye huyu, wateja ndio walimwita hivyo, hakumkata mtu tangu dunia ianze, alinyoa walevi wanaoyumba, watoto wanaopiga mateke, mkono ule ungenyoa yai likiwa bado ndani ya kuku na kuku asijue, sasa chai tu inamwagika njiani kabla haijafika mdomoni, ndiyo maana namnyoa mimi... "Bosi, umelala? Rangi inakauka huku," koo la baba linapanda na kushuka chini ya wembe, anataka kusema kitu, sheria yake inamkataza, pole mzee wangu, uliitunga mwenyewe... na ubaya ni kwamba hata yeye jina lile analipenda, juzi alisikia redio akacheka mpaka akakohoa, "Ningeitwa hivyo mimi, mwanangu, saa hizi wewe ni mtoto wa waziri", nikimwambia atakubali, hilo ndilo linanichosha zaidi, atasema haya, andika, na atatoka kwa mlango wa nyuma... ssh, ndiye huyo anaongea, "Ni mimi, Jabali Tufani, tunaomba radhi kwa wateja wetu", na leo anakohoa, anaanza upya, tunaomba radhi, sauti imekwaruza, ni mtu amechoka, mbona sijawahi kusikia hilo, nilikuwa nasikiliza jina sikumsikiliza mwenyewe, kuna mzazi alimpakata akiwa mwekundu bado, akamwita Jabali, akamwita Tufani, akangoja milima ihame, na mtoto anaamka kila siku kuomba radhi kwa ajili ya giza, jina kubwa kama lori na ndani dereva anasinzia, alipewa bure kabla hajafanya lolote, na huyu hapa wa kwangu lake alilipata kichwa kimoja baada ya kingine, na mimi nimelifuta kwa brashi mbili... yule wa ng'ambo ya barabara atabaki na taa zake, wateja wasirudi, basi, nitanyoa hao kumbikumbi... "Bosi, nakuuliza kwa mara ya mwisho, nashuka," ngoja fundi, nikiinua tu wembe nitakujibu, neno liko mdomoni tayari, Taratibu, herufi nene, uliandike kama lilivyokuwa, lakini bado, bado kipande hiki chini ya taya, hapa ngozi imekunjamana, hapa ndipo alinifundisha kuivuta kwa kidole gumba, naivuta, mshipa unapiga chini ya kidole changu, jicho amelifumba tena, ameniamini, ametulia kabisa, na hajui kwamba pale nje, kwa hizi dakika, mlango wake hauna jina.